Maji yakirudi usiku, msikinge ya mwanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga mjini, sio mtaalamu wa maji wala sio mtu wa siasa, nina simtanki moja ya lita 1,000, koki mbili, na friji ambalo nagandishia barafu za ubuyu na ukwaju nawauzia watoto wa mtaani. Nina neno moja na nalisema mapema ili hata mkiipunguza barua yangu lenyewe libaki: siku maji ya bomba yakikatika alafu yakarudi, yale ya mwanzo sio ya kunywa, na sie wananchi tuambiwe hivyo siku hiyohiyo, kwa meseji ileile ya simu inayotuletea bili.

Yalonifika ni haya. Masika yaliyopita kuna watu walikuja kuchimba mtaro wa kupitisha waya pembeni ya barabara yetu, ni nani wenyewe sitaji maana sikuandika barua hii kumshitaki mtu. Jumanne asubuhi sururu ikagonga bomba. Maji yaliruka mpaka usawa wa madirisha, watoto wakavua mashati wakaingia kuoga palepale, kina mama tukatoka na ndoo tukakinga tunacheka, alafu ndani ya saa moja yakafungwa kule yanakofungiwa na mtaa mzima ukakauka. Shimo likabaki wazi. Jumatano mvua ikanyesha kutwa, lile shimo likajaa pomoni, na mtu yeyote aliyewahi kukaa uswahilini anajua mvua ya masika ikikaza vyoo vya shimo vinakuwaje, maji yanatembea juu ya ardhi na kila kitu kinatembea nayo. Na kile kipande cha bomba kilichovunjika kilikuwa humohumo ndani ya shimo, mdomo wazi, siku mbili.

Alhamisi baada ya swala ya Isha nikasikia watoto wa nyumba ya pili wanapiga kelele, "Yamerudi! Yamerudi!" Mhariri, wewe ukikaa siku mbili na watoto watatu na nguo za shule hazijafuliwa hiyo sauti ni kama ya Idi. Nikachomeka mpira kwenye koki nikautupia ndani ya simtanki, nikaweka na ndoo mbili chini ya koki ya jikoni, yakatoka yanakohoa, yanatema upepo, rangi yake kama chai ya rangi iliyopoa. Nikasema ah, ni kutu tu ya bomba, yatatulia. Nikaziacha ndoo zilale.

Asubuhi yalikuwa meupe. Niliinama nikaangalia vizuri, chini kumetuama tope laini kama unga wa hina, na ndani yake kipande cha mzizi chembamba kama uzi, lakini juu maji ni safi kabisa unaiona mpaka mistari ya ndoo. Nikayachota ya juu taratibu nisivuruge, nikajaza jagi la kunywa, na ya kwenye simtanki nikayapigia barafu za siku ile. Hapo ndo nilipokosea, maana niliamini jicho langu. Tope linatuama, vidudu havituami, vinabaki vinaelea kwenye hayohayo maji meupe na wala huvioni.

Jumamosi usiku mwanangu wa mwisho, ana miaka sita, akaanza kuharisha, mpaka alfajiri alikuwa ameenda choo mara nyingi sikumbuki hesabu, macho yameingia ndani, akilia hatoi machozi. Hilo la machozi wazazi wenzangu lishikeni, mtoto akilia bila machozi, akikaa masaa hajakojoa, au ukimfinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi, usikae kuuliza majirani, chukua bajaji. Tulipofika zahanati wakamtundikia dripu, na nesi akaniuliza, "Mama, nyumbani mnakunywa maji gani?" Nikamjibu ya bomba dada, tena kwa kujiamini, kama ya bomba ndo mwisho wa maneno. Akaniuliza tena, "Yalikatika siku hizi karibuni?"

Lile swali la pili ndo limeniandikisha barua hii. Maana yeye alijua. Alikaa na watoto watano wa mitaa yetu siku ileile na alishaona huo mwendo, maji yanakatika, yanarudi, siku mbili tatu mbele foleni ya kuharisha. Kama nesi anajua na mie mama mwenye nyumba sijui, basi habari imeishia mahali na haijafika jikoni, na huko jikoni ndo kwenye jagi.

Niliporudi nilimwaga barafu zote, nikazunguka nyumba nne ambazo najua watoto wao walininunulia Ijumaa, nikawaambia mama zao uso kwa uso kilichotokea. Wawili watoto wao walikuwa wanaharisha na walishawanunulia flajili dukani. Sikulala vizuri wiki nzima.

Baadae nilimuita mzee mmoja fundi bomba, kafanya hii kazi tangu ujana wake, nikamuuliza mbona maji yametoka mtamboni yametiwa dawa yakatuletea ugonjwa. Akanifundisha kitu ambacho tungefundishwa tangu shule ya msingi. Akasema bomba likiwa limejaa na lina presha, hata kama lina tundu, maji yanatoka nje, uchafu hauwezi kuingia kwa sababu yenyewe yanausukuma. Presha ikiisha mambo yanageuka. Maji yaliyobaki ndani yanashuka kwenda mabondeni na nyuma yake bomba linavuta, kama vile unavyovuta soda kwa mrija, na linavuta kupitia matundu yaleyale, kwenye maungio yaliyolegea, kwenye mivunjiko, kwenye zile laini za watu waliojiunganishia usiku kwa mpira wa tairi. Kama nje ya hilo tundu pana maji ya chooni, basi yanaingia ya chooni. Maji yakirudi yanasukuma huo uchafu wote mbele yake, na wa kwanza kufungua koki ndo anaupokea.

Akaniambia na jingine ambalo watu wa mtaani hawatalipenda, zile mota za kuvuta maji ambazo wengine wameziunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Maji yakiwa madogo unawasha mota, wewe unapata, lakini umelifanya bomba zima livute, na tundu lililoko mbele ya nyumba ya jirani yako ndo linafyonza mtaro. Unayempa ugonjwa sio lazima awe mwanao. Mwenye mota avutie kutoka kwenye tangi lake la chini, asivutie kwenye laini ya watu wote, hilo mie naliona ni la kukemewa hata na mjumbe wa shina.

Nataka niwe mkweli kwa upande wa pili pia maana sitaki barua hii isomwe kama lawama kwa wanaotuletea maji. Sie watu wa Tanga tumejaliwa. Maji yetu yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani huko Usambara Mashariki, yanakusanywa bwawa la Mabayani, yanasafishwa Mowe ndo yanakuja mjini. Huko juu kuna wakulima wamejiunga kwenye umoja wao wa UWAMAKIZI wanapanda miti na kulinda kingo za mto, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Kwahiyo yametunzwa kutoka mlimani, yametulizwa tope, yamechujwa, yametiwa klorini, yamesafiri salama mpaka mtaani kwetu, alafu yanakuja kuharibikia mita mia za mwisho na ndani ya nyumba zetu wenyewe. Inauma zaidi hivyo.

Na hii klorini tuiseme vizuri maana kuna watu mtaani wanalalamika maji yananuka dawa, wengine wanasema inaua nguvu, wengine ndo wanaacha ya bomba wanarudi kisimani. Ile harufu ni mlinzi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike kwenye koki yako yakiwa bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, yaani wametaka kusudi ibaki kidogo ili kama kuna kidudu kimeingia njiani kife. Ukiona harufu inakukera jaza jagi liache wazi na kitambaa safi juu kwa masaa kadhaa itapungua yenyewe. Cha kutia wasiwasi ni maji yaliyokuwa na harufu kila siku alafu leo hayana kabisa, tena yana rangi. Na wale wanaopiga simu kwamba maji yametoka meupe kama maziwa, yaweke kwenye glasi uyatazame, yakianza kung'aa kutokea chini kwenda juu ule ni upepo tu, hauna neno.

Ila mlinzi huyo hakai milele. Kwenye simtanki inayopigwa jua la Tanga klorini inakwisha siku chache tu, baada ya hapo ni maji matupu, chochote kitakachotumbukia kinaota. Hofu iliponitoka nilimwambia kaka yangu apande tuoshe tangi, lilikuwa na mwaka wa tatu hatujaliosha. Aliingiza tochi akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Dada, njoo uone mwenyewe." Nikapanda. Kuta zote zina utelezi wa kijani, chini tope la unene wa kidole, na pembeni mjusi amekufa amekuwa mweupe. Hayo ndo tulikuwa tunanywa, Mhariri, na nje tangi linang'aa jeusi zuri na mfuniko wake. Mfuniko ulikuwa umepasuka upande mmoja nasi tumeuegeshea tofali.

Tulilisugua kwa brashi na sabuni, tukalisuuza mara tatu, tukajaza maji yenye dawa ya klorini yakalala usiku kucha na koki za ndani tukazifungua kidogo ili dawa ipite mpaka kwenye mabomba, asubuhi tukayamwaga yote ndo tukajaza ya kutumia. Sasa hivi nimejiwekea, kabla ya masika mara moja na kabla ya vuli mara moja. Na mpira wa kujazia nimenunua mpya, huo unakaa umeviringishwa msumarini ukutani haugusi chini, maana ule wa zamani ulikuwa unalala mtaroni kutwa, ukiuchomeka kwenye koki kitu cha kwanza kuingia tangini ni yale maji machafu yaliyolala ndani ya mpira. Piteni mtaani mtizame mipira mingapi imelala mtaroni.

Kuna wenzetu hawana bomba ndani, wananunua kwa vijana wa baiskeli. Huu mji wetu ni wa baiskeli na hawa vijana wanatusaidia sana, sitaki wanyimwe riziki yao. Lakini muulize kijana, maji umeyatoa wapi, na dumu lilikuwa la nini mwanzo. Dumu la mafuta ya kula likioshwa vizuri sio mbaya. Dumu lililowahi kubeba dawa za shambani, mafuta ya taa au tindikali halioshwi likaisha, hilo hata kwa maji ya kudekia silitaki, na ujue kuchemsha hakuondoi hiyo sumu. Dumu lenye mdomo mwembamba nalo ndani halisuguliki kwa mkono, unatia mchanga mwembamba au kokoto ndogo na sabuni unalitikisa mpaka utelezi utoke, hivyo ndo tulivyofundishwa na mama zetu na ni kweli inafanya kazi.

Na visima. Hapa kwetu visima vya uani vipo tangu zamani na wengine wanavithamini kwa sababu vilichimbwa na babu. Siwezi kumwambia mtu afukie kisima cha babu yake. Lakini zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, leo uwanja huohuo una vyumba kumi na vyoo viwili vya shimo, na kinachoshauriwa kati ya choo na kisima ni angalau mita 30, pima kwa hatua zako uone kama unafika hata 10. Tena ardhi ya pwani hii ya mawe ya chokaa ina nyufa, ndo mawe yaliyotoboka yakatupa mapango ya Amboni, maji yakiingia kwenye ufa yanasafiri mbali haraka bila kuchujika. Maji ya hivyo visima yafulie, yadekie, ya kunywa yachemshe kila siku, sio siku za kipindupindu tu. Wengi tunakumbuka kipindupindu cha Agosti 2015 kilichoanzia Dar es Salaam kikatapakaa mikoani, watu zaidi ya 20,000 waliugua nchi nzima mpaka kinatulia.

Sasa kuchemsha kwenyewe. Watu wanaona sufuria inatoa moshi wanaepua. Hapana, subiri yachemke kwelikweli, yawe yanapindukapinduka, yaache dakika moja hivyo, inatosha, huna haja ya kumaliza mkaa nusu saa. Funika yapoe kwenye sufuria hiyohiyo. Kama mkaa huna, kidonge cha Waterguard kimoja kwa ndoo ya lita 20, koroga, funika, subiri nusu saa ndo unywe, na kama maji yana tope yachuje kwanza maana tope linaila dawa kabla haijafika kwa vidudu. Shabu inasafisha macho tu, inakusanya tope, lakini haiui kitu, nawaambia hivyo kwa sababu mama zetu wengi wakishatia shabu wanaona wamemaliza.

Kuchuja tumia kanga ya zamani, iliyofuliwa ikalainika, ikunje mara nne. Hili nililisikia nikadhani ni la kubahatisha kumbe lilipimwa, kule Bangladesh wanawake wa vijijini walichuja maji kwa sari zao kuukuu walizokunja angalau mara nne, na matokeo yaliyotoka mwaka 2003 yakaonyesha kipindupindu kimepungua karibu nusu. Nguo kuukuu inashinda mpya kwa sababu nyuzi zake zimevimba zimefumana. Sie pwani tuna kanga kila sanduku. Ila haimalizi kazi peke yake, ukishachuja bado uchemshe au utie dawa, na hiyo kanga ifuliwe ianikwe juani, isirudi kuwa ya kubebea mtoto.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mtungi wake pembeni ya mlango, umefunikwa sahani ya bati, na kata mbili. Moja ya kuchotea, ina mpini mrefu, haigusi mdomo wa mtu. Ya pili ya kunywea. Mtoto ukiingiza ya kunywea ndani ya mtungi ulikuwa unachapwa, alafu mtungi wote unamwagwa unasuguliwa unafukizwa ubani upya ndo unajazwa. Sie tukiona ukali wa kizee. Leo nyumba ngapi zina ndoo ya kunywa na kikombe kimoja cha plastiki kinaelea humo, kila anayetoka kucheza anazamisha mkono mpaka kiwiko? Maji uliyoyachemsha kwa mkaa wa pesa unayachafua kwa vidole vya bure. Ndoo yenye koki chini ndo jibu, fundi yeyote anakutobolea na kukufungia koki, na ukikosa basi fanya kama bibi yangu, kata mbili.

Kwa yule ambaye mtoto ameshaanza kuharisha, msaada wa kwanza ni maji ya chumvi na sukari au ile pakti ya ORS, pakti moja kwa lita moja ya maji safi, sio kwa kikombe. Ukikosa pakti, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko hichohicho cha chumvi, basi, usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogokidogo hata akitapika, subiri dakika kumi uendelee. Zahanati watakupa na vidonge vya zinki, vimalizeni siku zote 10 mpaka 14 hata kama mtoto ameacha kuharisha siku ya tatu, kwa sababu wengi tunaviacha. Na kichanga chini ya miezi sita asiyeumwa anyonyeshwe tu, maji hata yawe safi vipi hayahitaji, ila akiharisha endelea kumnyonyesha na ORS mpe.

Nirudi kwenye ombi langu. Mji huu umeshafanya mambo makubwa kwenye maji, mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, walitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa kuchangwa na watu kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua na kuboresha huduma, nchi nzima ikatutazama. Wanaoweza kukusanya bilioni hizo wanaweza kutuma meseji ya maneno ishirini. Namba zetu wanazo, mita zetu wanazijua ziko mtaa gani. Siku bomba likikatwa mtaa fulani, wa mtaa ule tu watumiwe: maji yanarudi leo jioni, acha koki ya nje itiririke mpaka yawe meupe, ya kunywa chemsheni siku tatu. Mie hayo maneno yangenikuta Alhamisi ile mpira ningeuacha msumarini.

Na wasio na simu wapo, bibi zetu wapo, hao wenyeviti wa mitaa wawatangazie, msikitini na kanisani kuna spika, wenye maboza na vijana wa baiskeli waambiwe wasikinge mpaka koki itulie. Kwenye ubao wa ofisi ya mtaa tubandikiwe karatasi ya vipimo vya klorini vya koki za mtaa wetu kila mwezi, tarehe na namba, nasi tuliofundishwa 0.2 tutajua kusoma. Wanaochimba barabara walazimishwe kutoa habari kwa mtendaji kabla ya sururu ya kwanza, na wakivunja bomba shimo lisilale wazi kwenye mvua, wavute maji yatoke kabla fundi hajaunga. Watu wasiogope gharama ya kumwaga yale ya mwanzo, hayapotei, yapelekeni chooni, yadekieni uani, ndoo mbili za mita sio kitu mbele ya dripu.

Mwanangu amepona, anaenda shule, na barafu nimerudi kuuza, kila siku nachemsha maji yake jioni ndo nagandisha usiku, na kina mama wa zile nyumba nne wamenirudishia watoto wao, nawashukuru kwa hilo.

Wiki iliyopita yalikatika tena kutwa nzima. Yakarudi saa tatu usiku, watoto wakapiga kelele zao. Nikatoka na tochi nikafungua koki ya uani peke yake, nikaweka beseni jeupe chini yake nikawa naangalia rangi, kahawia, kahawia, manjano. Jirani akaniita kutoka dirishani kwake, naye ndoo ziko tayari mkononi, "Mama, tukinge?"

Nikamwambia bado.

Mama wa watoto watatu,
Makorora, Tanga.